Mlango wa Barabara ya Kumi na Nne

Ramani ninayo mimi, ndani ya flashi ya bluu
niliyoifunga uzi wa mkonge isipotee mfukoni.
Ngamiani yote imo: mitaa imenyooka kama mistari ya daftari,
mitaro, mabati, nguzo za umeme zilizoinama,
duka la Bi Mwanaharusi na mizani yake ya mchele.
Aliichora Shebughe kwa miezi saba,
akipima upana wa njia kwa hatua zake mchana kweupe,
watu wakidhani anatafuta kitu alichodondosha.

Kisha akapata kazi Mtwara.
"Itunze," akaniambia, kama mtu anayeacha mbuzi.

Kuitunza ndiko huku:
Jumamosi, kabla Kibwana hajafungua chumba cha gemu Makorora,
nachomeka flashi mashine ya kwanza, ya pili, mpaka ya tisa,
nafuta toleo la zamani, naweka jipya,
nalinganisha ukubwa wa faili tarakimu kwa tarakimu,
maana ikipungua chembe
wa Chumbageni atauona ukuta
pale ambapo wa Makorora anaona njia,
na risasi itampita mtu kifuani asife.
Hapo ndipo matusi huanza.
Mwenye toleo la zamani, seva humtema bila salamu.
Waja leo, waondoka leo.

Kisha Mikanjuni. Kisha Duga.
Ya Pongwe nampa bodaboda, ndani ya bahasha,
na maelezo kwa mwandiko wangu:
*Usichomeke kwenye mashine yenye virusi.
Mwezi wa tatu ulitutia hasara.*

Malalamiko nayapokea kwa mdomo, nikinywa chai.
Mtaro wa Barabara ya Tisa unameza watu.
Kuna paa, ukilipanda hushuki.
Mnazi mmoja unaelea.
Na hili, kila wiki, la Semboja mwenye mdomo:
"Fungua ule mlango wa kijani, Kumi na Nne.
Tumeupiga bomu, tumeupiga shoka.
Nyumba zote zinaingilika. Hii ina nini?"

Usiku nikaifungua faili, si kama mchezaji,
kama fundi, apitaye ukutani.

Nyuma ya mlango kulikuwa na chumba.
Chumba kizima.
Cherehani ya miguu, kitambaa cha sare ya shule
kingali chini ya sindano.
Redio, na juu yake kitambaa cha kufuma.
Kalenda iliyokwama Juni.
Viatu vya mtoto vimepangwa mlangoni, kwa ndani.
Mwanga unaingia dirishani
ilhali kwa nje dirisha halipo.
Hakuna aliyewahi kukiona, wala ambaye angeweza.
Mashine za Kibwana, na uchovu wao wote,
zimekuwa zikikibeba kila mchezo.
Kumbe ndiyo maana tunaganda kidogo tukifika Kumi na Nne.

Pale mtaani siku hizi ni stoo ya saruji.
Mamake alishona sare. Moja niliivaa mimi,
mkono wa kushoto ukiwa mrefu kuliko wa kulia.

Ningeweza kukifuta. Faili ingepungua theluthi,
mashine ya sita ingepumua.
Nikampigia Shebughe. Simu ikaita mpaka ikakata.

Toleo la kumi na mbili limetoka jana.
Mtaro nimeuziba. Paa lina ngazi.
Mnazi nimeushusha, ila nimeuachia upana wa kidole,
watu walikuwa wameuzoea.
Nimepunguza majani ya michongoma, nyota, kokoto za reli,
kufidia uzito.
Mlango haujafunguka.
Semboja nimemwambia ni hitilafu, naishughulikia.

Kila Ijumaa usiku, kabla sijaibana faili,
napita ukutani. Cherehani. Redio. Viatu.
Juzi niliona kama mwanga umesogea.
Labda ni macho.
Nikaandika kwenye daftari, chini ya mtaro na paa:
Kumi na Nne, ndani, sawa.