Viungo Thelathini na Saba

Kwenye ramani ya shamba namba arobaini na moja, Lugari,
kitambaa kilichogeuka rangi ya chai iliyolala,
mpaka wa magharibi umeandikwa kwa wino mwembamba:
minyororo minne, viungo thelathini na saba.
Basi. Mita hazikuwa zimefika huku.

Nimetumwa kutoka Kakamega na kikokotoo
na chombo kinachonong'onezana na setilaiti,
kwa sababu Enosi Chahilu amejenga choo
na mjane Rasoha anasema ukuta wa nyuma
umechutama kwake.

Mnyororo ni futi sitini na sita.
Futi ni mguu wa nani, sikufundishwa;
si wa Rasoha, anayevaa kandambili namba nne,
wala si wa Enosi, ambaye kiatu chake kimoja
kinaweza kuatamia mayai.
Lakini kitabu kinasema: zidisha.
Mnyororo mmoja, mita ishirini, nukta moja, moja, sita, nane.
Nikazidisha, nimechuchumaa kwenye majani ya ng'ombe,
wazukulu wa pande zote mbili wakinihesabia midomo.
Themanini na saba nukta tisa moja.

Sasa tazama cheti cha Enosi.
Themanini na saba nukta nne.

Mwaka ule vipimo vilipobadilishwa
karani fulani, sijui jina lake, labda njaa ilimkaba,
labda basi la mwisho lilikuwa linapiga honi,
aliandika mnyororo ni mita ishirini, akafunga faili.
Zile sentimita kumi na moja na kitu
akazipangusa mezani kama makombo ya mandazi.
Haba na haba hujaza kibaba,
na kibaba chenyewe ni kipimo kilichokufa
ambacho methali imekataa kukibadilisha.
Minyororo minne na ushei: makombo yamekuwa nusu mita na kidole.
Nusu mita na kidole ni ukuta wa choo.
Ni miaka saba bila kuombana chumvi.

"Kwa hiyo ni yangu," akasema Enosi.
Nikafungua mdomo kusema ndiyo.

Ila mimi ni mjukuu wa Lugadiru,
aliyeshika ncha ya nyuma ya mnyororo huo huo
akiwa kijana wa kaptula, kwa posho ya unga na senti.
Mzungu alitazama darubini, akaandika, akatia sahihi.
Babu alivuta.
Alituambia, kila tulipomwomba hadithi ya fisi
akatupa hii badala yake,
kwamba kiungo cha hamsini na tatu kilikatika
walipokuwa wakivuka Kipkaren, maji kiunoni,
naye kwa hofu ya kiboko akakifunga kwa waya
aliouchomoa kwenye ndoo,
akapima hadi jioni, kimya.
Waya ulikuwa mrefu kuliko kiungo? Mfupi?
Alikuwa akitanua vidole viwili mbele ya macho yetu
na kila usiku vilitanuka tofauti.

Chuma pia hulegea. Pete zikisuguana miaka,
mnyororo hurefuka bila kumwambia mtu,
na shamba hupungua kwenye karatasi
huku mahindi yakiota pale pale.

Kitabu hakina ukurasa wa waya wa ndoo.

Rasoha akaniuliza, kwa upole ulionichoma,
"Mwanangu, hicho chako cha mbinguni
kinajua babu yako alivuta kwa nguvu gani?"
Nikaangalia skrini. Ilikuwa inatafuta setilaiti ya tano.
Kuku akapita kati yetu,
akasimama juu ya mpaka, au karibu nao,
akaparua.

Niliandika themanini na saba nukta tisa moja.
Ndiyo hesabu, na hesabu ndiyo kazi yangu.
Kisha pembeni, kwa penseli,
mahali ambapo mkubwa wangu huwa hasomi,
nikaandika: *mshika mnyororo, Lugadiru.*
Nikapuliza vumbi la kifutio,
nikaomba maji ya kunawa.
Yaliletwa mabakuli mawili.