Kitenzi Kiko Wapi

Madaftari arubaini na saba ya Gredi ya Pili
nimeyabeba kwa kikapu kutoka shule
hadi chumbani kwangu, ghorofa ya tatu, Kibokoni.
Zoezi lilikuwa jepesi: chagua kifaa cha nyumbani,
kitungie sentensi.

Kadzo ameandika, Kinu kimelala kwa sababu kimechoka.
Nikampa vema.
Mwende: Sufuria ya shangazi haina masikio.
Vema, na nyota.

Halafu la Msellem,
kona zimejikunja kama kachiri,
pembeni alama ya kidole chekundu cha mabuyu.
Penseli ameikandamiza
hata ukigeuza ukurasa waweza kusoma kwa kupapasa.
Maneno mawili:

          Mama ndoo

Basi.

Nikatafuta kitenzi. Mama ana ndoo? Mama kabeba ndoo?
Mama ateka, afua, auza ndoo?
Mwezi wa tatu huu nahangaika naye,
tangu siku alipoandika b ikitazama nyuma
kama mtu aliyesahau kitu mlangoni.
Nikapiga mstari mwekundu,
nikaandika chini yake kwa mwandiko wangu wa chuoni:
Kitenzi kiko wapi?

Saa mbili usiku maji yakaja.
Siku nne mfereji ulikuwa ukikohoa hewa,
ghafla ukatema,
na Mama Mishi akapaza sauti kutoka uani,
akimwita bintiye aliye juu:

"Mishi! Ndoo! Ndoo na ndoo!"

Kalamu ikasimama.
Ndoo ya kwanza ilikuwa na miguu.
Ya pili ilikuwa na mkono wa waya.

Mimi, niliyezaliwa hatua mia kutoka hapa,
mimi, niliyeitwa hivyo hivyo na nyanya
jua likiwa la utosi, ndoo mwanangu, ndoo ule,
nilikwenda chuo nikapewa nj,
nikarudi nayo ndani ya boksi la chaki,
nikasahau kwamba kinywa changu
kilikuwa na mlango mwengine.

Kitenzi kilikuwepo.
Kilisimama mbele yangu, kimenyosha mikono,
nami nikakiuliza kiko wapi.

Asubuhi, kunguru wakigombania kaimati dirishani,
nilimwita mezani.
"Soma."
Akasoma. Mama. Akameza mate. Ndoo.
"Mama yuko wapi?"
"Jidda. Tangu Mfungo Sita."
"Kwa hiyo hii ni barua, si sentensi?"
Akafikiri.
"Ni sentensi, Mwalimu. Ila nataka ifike."

Wino mwekundu haufutiki.
Nilijaribu kwa kifutio, nikajaribu kwa wembe,
karatasi ikaanza kuwa kidonda, nikaacha.
Nikamwambia kweli yenyewe:
mtihani utataka njoo,
na hiyo nj tutaikalia leo, mimi na wewe, mpaka itulie.
Lakini mama yako mwandikie kama anavyosikia.
Nikachora vema kubwa juu ya swali langu.

Akalitazama neno lake, akainamisha kichwa upande.
"Na ndoo ya maji, inaandikwaje?"
"Vivyo hivyo."
"Herufi zote?"
"Zote nne."

Akacheka kwa pengo la meno mawili,
akalivuta daftari, ulimi nje,
kama fundi cherehani anayetunga uzi.
Kengele ililia. Wenzake walitoka kwa kishindo
kumkimbilia muuza viazi karai.
Yeye hakuinua uso.
Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kuvuka mstari:

          Mama ndoo na ndoo
          ya nyanya imetoboka