Nakala Mbili

Askari hahami kwa miguu yake.
Huhama kwanza kwa karatasi:
ombi kwa mkono wake, wino wa buluu,
ridhaa ya kamanda anayemwachia,
barua ya kikosi kitakachompokea
ikitaja nafasi, namba yake, na kwamba iko wazi.
Siku kumi na nne. Mihuri mitatu.
Ndipo buti zifuate.

Karani wa hayo yote ni mimi,
Koplo Solomia, ndani ya handaki la shule
ambako ubaoni bado pana hesabu ya mtoto wa darasa la tano
aliyekosea kugawanya.
Sijaifuta.
Jenereta ikikohoa, taa hufumba,
nami hungoja, kalamu ikiwa hewani.

Wapo wasemao asiyekuwapo na lake halipo.
Hawajaifungua rejista yangu.
Huku, asiyekuwapo ndiye mwenye kitu:
ameacha nafasi.
Mpakia makombora, namba saba, wazi tangu Jumanne.
Siulizi Jumanne kulitokea nini.
Fomu haina mstari wa kuuliza.

Basi Alhamisi likaja ombi la Panas Zhurba,
umri hamsini na sita, fundi wa malori, karakana ya nyuma,
anaomba mizinga, mstari wa mbele.
Sababu: "Mwanangu yuko huko."
Maneno matatu, na doa la grisi
pale kidole kiliposita.

Jumamosi, kwa gari la mikate,
likaja la Demian Zhurba, ishirini na tatu, mizinga,
anaomba karakana.
Sababu: "Baba anaumwa mgongo na hatasema."

Hakuna aliyemwambia mwenzake.
Meja Horbenko akazitia sahihi zote mbili bila kuketi,
glavu mkono mmoja, simu begani.
Kwa mujibu wa kanuni kila kitu kilikuwa sawa:
nafasi ya baba ingekuwa wazi kwa mwana,
ya mwana ingekuwa wazi kwa baba,
na wangepishana njiani usiku, malori mawili yaliyozima taa,
kila mmoja akienda kumkuta mwenzake.

Nilizisoma hadi chai ikafanya utando.
Nikampigia Ustyna, karani wa upande wa pili.
Akacheka. Kisha akanyamaza.
"Rudisha moja," akasema.
Lakini kurudisha kuna fomu yake,
na fomu hutaka sababu,
na sababu hupanda hadi kwa Meja,
na Meja atauliza: nani abaki mbele?
Sikutaka swali hilo lifike mezani.

Moja niliipiga mhuri.
Ya pili niliisukuma nyuma ya ramani ya wanafunzi,
kati ya Asia na ukuta.

Msinisifu.
Nafasi ya Demian haikulala wazi hata usiku mmoja.
Niliiandikia jina mimi mwenyewe,
kijana wa Poltava mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu.
Jina hilo hunijia nikipiga mswaki.
Lori lililompeleka ndilo litakalomleta mwana wa Panas.

Na Panas kila asubuhi yuko mlangoni.
Huvua kofia, hunukia dizeli,
huutazama ule ubao huku nikijifanya kupekua.
Leo akachukua chaki, akaisahihisha hesabu,
taratibu, akiushika mgongo kwa mkono wa pili.
Kumi na saba, baki tatu.
"Koplo, karatasi yangu?"

Nikasema walichonijibu makarani wote wa maisha yangu,
wa pasipoti, wa makaa, wa pensheni ya mama,
nikawachukia mmoja mmoja:
"Inashughulikiwa, mzee.
Njoo kesho."

"Kesho ipi?" akauliza, chaki bado vidoleni.

Jenereta ikakohoa.
Nikaishukuru.