Bei ya Sharti

Oktoba, Ng'ong'ona. Upepo unasukuma vumbi
chini ya mlango wa hosteli, nami
nimekaa kitandani na shamba la mama mapajani:
ekari sita za Mvumi, mazao manne,
miaka tisa ya mavuno ndani ya daftari
lenye jalada lililolambwa na mafuta ya taa.

Swali ni dogo. Mwalimu angelimaliza kwa chaki:
gawa ekari ili magunia yawe mengi
na hofu iwe kidogo.
Ila hofu haihesabiwi moja moja.
Hupandishwa kipeo cha pili: upungufu
ukizidi mara mbili, adhabu yake huzidi mara nne.
Nilikuwa darasa la tano mwaka ule.
Kanuni hiyo niliijua kwa tumbo kabla ya kitabu.

Nikaanza kuandika masharti.
Programu hii ina lugha yake ya kinyume:
haijui "isizidi", inajua "isipungue" tu.
Basi ekari sita nikazigeuza hasi,
hasi ya jumla isipungue hasi sita,
kama mtu anayeingia nyumba ya tembe kinyumenyume
kwa sababu mzigo wa kuni umekataa mlango.
Kisha: hakuna zao litakalopewa chini ya sifuri.
(Mama angecheka. Nani hupanda deni?)
Kisha sharti lake yeye, lililokuja kwa simu:
"Karanga nusu ekari. Hapo usiniguse."

Nikabonyeza. Maandishi mekundu.
Matriki yako si chanya, siwezi kuendelea.
Nikakagua koma. Nikakagua mabano.
Betri asilimia kumi na tisa, saa sita usiku,
ndipo nikaona: safu ya mtama na safu ya uwele
ni pacha, namba kwa namba.
Saba, saba. Mbili, mbili.
Kumi na moja, kumi na moja.

Asubuhi nikampigia. Sechelela binti Chilongani
akajibu huku nasikia ungo ukipepeta:
"Mtama na uwele huingia kihenge kimoja.
Wewe ulitaka namba mbili, mwanangu.
Nikagawa katikati, nisikuangushe."

Nilicheka mpaka Nyemo wa kitanda cha juu akaamka.
Miaka tisa ya usawa kamili,
na usawa huohuo ndio ulioivunja hesabu.
Nikaunganisha safu mbili, nikaiita nafaka,
nikabonyeza tena. Kufumba na kufumbua:

nafaka, tatu nukta moja;
alizeti, mbili nukta nne;
karanga, sifuri nukta tano,
imeegemea sharti lake kama mbuzi aliyefika
mwisho wa kamba, shingo bado inavuta.

Chini ya majibu kuna mstari ambao wengi hawausomi:
bei ya kila sharti.
Lisilobana, bei yake sifuri.
Lile la karanga lilikuwa na namba. Nikaipiga hesabu
kwa vipimo vya nyumbani: madebe matatu ya nafaka
yanapotea kila mwaka kwa neno moja la mama.

Jumamosi nikashuka Mvumi na karatasi yangu.
Wanawake tisa walikuwa uani, wametoka kuberega
shamba letu, majembe yamelala ukutani,
Bi Mbeleje amevua kiatu anatafuta mwiba.
Katikati yao ungo mmoja wa karanga za kukaanga.

Nikamwambia mama bei.
"Madebe matatu? Kwa mwaka mzima?"
"Mwaka mzima."
Akapuliza maganda, yakaruka na upepo.
"Rahisi hiyo."
Akanisogezea ungo, akaitazama karatasi
juu hadi chini kama anayetafuta jina.
"Na hawa tisa," akasema, "umewaweka safu ipi?"

Nilikuwa nimekuja bila kalamu.