Dole Gumba

Jina lipo. Ukurasa wa kumi na saba,
daftari la kata, jalada limeliwa na mchwa upande mmoja:
LUHENDE SHIGELA, MGAMBO, KAYENZE.
Bunduki: bado. Viatu: jozi moja, namba tisa.
Ameondoka kwa meli, Desemba, sabini na nane.
Na pembeni, kwa wino wa zambarau,
dole gumba zima, duara ndani ya duara,
kama ziwa lililotupiwa kokoto.

Karani alinionya mapema, kalamu sikioni:
"Mwanajeshi ana faili, dada. Mgambo ana bahati."
Akadai elfu mbili ya kupekua. Nikampa,
maana nami naishi kwa karatasi:
nina mashine ya nakala pale Kirumba,
kutwa vyeti vya watu vinapita mikononi mwangu,
kuzaliwa, ndoa, kifo,
shilingi mia kila ukurasa.

Viatu vilinikwaza kwanza.
Babu alivaa saba. Malapa yake
niliyavaa mimi nilipokuwa darasa la sita.
Halafu dole.
Babu hakuwa na dole gumba la kulia.
Lilibaki kinuni kwa pamba, mwaka wa sabini na moja;
wajukuu tulilichezea lile gutu,
tukaliita mtoto asiye na kichwa,
naye akacheka mpaka akakohoa.
Alikufa mwaka elfu mbili kumi na nne, kitandani,
mimi nimemshikia kikombe cha uji.

Lakini daftari lina mstari wa mwisho,
mwandiko mwingine, wa haraka:
*Amefia njia ya Masaka, Februari. Mke ataarifiwe.*

Mke alitaarifiwa.
Mke yupo, anaanua dagaa juu ya jabali,
Bibi Nyanzobe, sitini na ushei, kanga kiunoni.
Nikamwonyesha nakala.
Akasema mwaka ule bei ya pamba ilikuwa mbaya.
Akasema kunguru wa siku hizi hawana adabu.
Akageuza dagaa waliokwisha kugeuzwa.
Nikakaa.

Jabali likapoa chini yetu ndipo akasema:
"Balozi alileta jina moja nyumba hii. Moja tu.
Mimi nina tumbo la baba yako, mwezi wa nane.
Ngolo akamwambia kaka yake,
jina ni shati, nipe, nitakurudishia."

Ngolo.
Yule ambaye tuliambiwa alikwenda Geita
kutafuta dhahabu, akanogewa.

Hakulirudisha shati.
Babu akaishi miaka thelathini na mitano akiwa marehemu.
Hakudai kitu ofisini, hakupanga foleni yenye orodha.
Gulioni ukimwita Luhende
aliitika mara ya pili, kama mtu
anayemsubiri mwenzake aitike kwanza.

Nyuma ya nakala nimeandika ukoo.
Watoto saba, wajukuu ishirini na tisa, vitukuu watatu.
Baba aliwahi, kwa wiki chache.
Waliobaki, shangazi Holo, Kulwa na Doto,
Mhoja, Gindu, na Sayi kitinda mimba,
kwa mujibu wa kata wamezaliwa na mtu aliyezikwa.
Kisha nikaandika Ngolo,
nikavuta mstari wa kushuka,
mstari ukashuka, ukashuka, ukafika ukingoni mwa karatasi
bila kukutana na mtu.

Bibi akanipokonya ile nakala.
Vidole vina magamba, vinang'aa.
Akaweka dole gumba lake juu ya lile la zambarau,
ambalo kwa mashine yangu limetoka jeusi,
akaliacha hapo muda mrefu kuliko nilivyotazamia,
na mimi nikatazama ziwani, maana kuna mambo
mjukuu hahesabu.

"Mashine yako," akasema, "inakuza?"
Inakuza, Bibi. Mara mbili, mara nne.
"Likuze basi. Liwe kama sahani.
Picha hakupiga."

Akafungua fundo la kanga
akauliza ni shilingi ngapi.