Jina la Mpokeaji

Kila tarehe tano, shangazi,
nilikutumia elfu kumi ya gesi,
nawe gesi hukununua hata siku moja.
Ulinunua mkaa, na chenji ukamkopesha mtu.

Tumekuzika Misungwi, mvua ikinyesha
hadi makoleo yakateleza mikononi mwa vijana,
na bado ikifika tarehe tano naishika simu.
Naandika namba yako bila kuitafuta,
naandika kiasi, shilingi elfu moja,
kisha nangoja ule mstari unaotangulia namba ya siri:
Unatuma kwa NYANZALA LUBINZA.
Basi. Nautazama.
Herufi kubwa, kama unaitwa dirishani Bugando
ukachukue dawa.
Halafu naghairi.

(Ulizaliwa mwaka wa njaa, ndipo likatoka jina hilo.
Hakuna aliyeondoka kwako
bila kufungiwa michembe kwenye gazeti.)

Mwaloni, saa kumi na mbili asubuhi.
Dagaa wa Ukerewe wanashushwa kwa magunia,
korongo wamesimama kando kama makarani waliostaafu,
nawe juu ya ndoo iliyopinduliwa,
kalamu imechomekwa kilembani, daftari mapajani.
"Mwangaluka," mtu anakusalimu,
nawe, bila kuinua macho:
"Mwangaluka. Una yangu ngapi?"
Swali lako liliishia hapo.
Uliandika, kisha ukasahau kwa makusudi.
Katika ukurasa mmoja nimekuta:
Mama Bugingo, ndoo mbili. Mtoto anaumwa. Tusimsumbue.

Tusimsumbue. Wewe na nani, shangazi?
Uliishi peke yako juu ya mawe ya Kabuhoro,
vidato sabini na viwili kutoka barabarani;
tulivihesabu usiku ule wa kukushusha,
sita tumebeba,
wa saba anamulika kwa simu na kusema taratibu, taratibu.

Na ulitudanganya kuhusu sukari.
Chini ya kitanda tulikuta chupa za soda kumi na nne,
mbili hazijafunguliwa.
Moja niliing'oa kizibo kwa meno, nikainywa palepale,
ya moto, hadi mwisho,
kwa hasira.

Novemba likaja jina jingine.
Unatuma kwa LAMECK MAGESA.
Nikahesabu tarakimu upya, moja moja, kwa kidole,
kama mtoto anayejifunza.
Zilikuwa zako zote.

Nikapiga.
Kijana. Nyuma yake honi ya kivuko cha Kamanga
na mtu anayenadi mayai ya kuchemsha.
Nikasema samahani, nimekosea namba.
"Kaka, usikate," akasema.
"Laini hii nimeisajili majuzi tu, na mnanipigia sana.
Jana mama mmoja katuma elfu thelathini na mbili.
Anasema ni zile ndoo mbili,
anasema mtoto alipona, yuko kidato cha pili.
Sikujua nimjibu nini, nikasema asante.
Sasa hizi hela si zangu.
Namrudishia nani?"

Nilikuwa nimekaa mlangoni kwako.
Kule ziwani wadudu walikuwa wamepanda kama moshi
wa moto usiokuwepo,
na paa za Kirumba ziling'aa kwa mvua iliyopita.
Nikalivuta daftari.
Nikatafuta ukurasa.
Kalamu yako ilikuwa imekauka;
ikabidi niilambe ncha, kama ulivyofanya,
nikakuta ladha ya chuma na chumvi ya dagaa.

Mstari haukunyooka.
Nilianza kwenye ndoo,
nikapita juu ya Mama Bugingo,
nikapita juu ya mtoto anaumwa,
nikafika kwenye tusimsumbue, mkono ukasimama.
Neno hilo nimeliacha.

"Haloo?" akaita Lameck. "Kaka, upo?"

Nipo, nikamwambia.
Subiri kidogo. Naandika.