Chozi wa Kongwa

Julai. Usiku kucha upepo umenoa kisu kwenye mabati.
Ndahani, mlinzi wa ghala la alizeti,
anamchuma chozi mlongeni kama tunda:
mpira wa manyoya, mguu mmoja kauficha tumboni,
baridi kama kufuli.

Hajui kwamba amejipunguza mwenyewe,
kama mama apunguzavyo utambi wa koroboi
mafuta yafike alfajiri.
Kwa kidole anamchimbia kaburi,
la kutosha karanga mbili.

Jua likagusa Kiboriani.
Kiganjani, kifua kikaanza kutetemeka,
kikisaga joto
punje kwa punje,
pruu!

Chozi kaenda zake.
La pili, la upepo tu,
Ndahani analifuta kwa ncha ya mgolole.
Kishimo anakifukia kwa kisigino.